Hema juu ya pikapu: nifunge au nisifunge

Jumapili, 2 Juni 2024

Leo nimepitia daftari la kazi na kuhesabu: tangu Januari nimelala nje ya nyumbani usiku 41. Kazi yangu ni pampu za visima. Nazivuta, nazitengeneza, nazirudisha chini. Visima vingi ninavyovihudumia viko Longido na Monduli, mbali na gesti yoyote, na kazi ya kuvuta pampu haimaliziki kwa siku moja. Nikichelewa nalala kwenye hema la chini kando ya gari, au kwenye kiti cha nyuma magoti yakiwa kifuani. Nina miaka 46 na asubuhi mgongo unachukua nusu saa kunyooka.

Hapa Arusha kila siku nayaona magari ya kukodisha yakipita na mahema yaliyokunjwa juu ya paa. Si jambo jipya duniani; Waitaliano wa kampuni ya Autohome walikuwa wanayauza tangu 1958, na Afrika Kusini kuna mafundi wa siku nyingi wa mahema haya. Rafiki yangu anayekodisha magari kwa watalii ana hema moja limelala stoo. Ameniazima hadi tarehe 25, kabla msimu wa wageni haujashika kasi. Nikilipenda ataniuzia kwa 2,600,000. Kuagiza jipya kutoka nje, ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, sitalipata kwa bei hiyo.

Gari ni Toyota Hilux Vigo ya 2009, dabo kebini, dizeli lita 2.5. Bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, ina urefu wa mita 1.52 na upana karibu huohuo. Hema ni la kitambaa kizito cha pamba na poliesta, linakunjwa kama kitabu. Likifungwa lina unene wa sentimita 30, likifunguliwa linakuwa mita 2.40 kwa 1.40. Nimelipima kwenye mizani ya magunia sokoni: kilo 58, na ngazi kilo 6.

Nitaandika kila hatua ili uamuzi utokane na vipimo. Hamu ninayo tayari, na hamu ni mshauri mwenye haraka.

Jumatano, 5 Juni

Swali la kwanza: likae wapi?

Wazo la wengi ni juu ya paa la kebini. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 hilo linawezekana bila wasiwasi mkubwa, kwa sababu paa lina mfereji wa mvua pembeni, ukingo wa bati uliokunjwa na kuchomelewa kwa urefu wote wa gari, na keria inaushika huo. Vigo haina mfereji. Keria yake inabana kwenye ukingo wa juu wa milango, sehemu nne tu, na uzito wote unashukia hapo.

Keria za dabo kebini kama hii nyingi zimeandikwa kilo 75, na humo umo uzito wa keria yenyewe. Keria yangu ina kilo 22. Jumlisha 58 za hema, tumeshavuka.

Watu wanachanganya hapa, nami nilichanganya. Kile kiwango ni cha gari linalotembea. Gari likiwa limesimama, paa linaweza kubeba zaidi ya hapo mara kadhaa, ndiyo maana watu wawili wazima wanalala juu na halibonyei. Likiwa kwenye makorongo ya Kitumbeine ni habari nyingine. Gurudumu likidondoka shimoni, kilo 58 zinagonga kama mzigo mara mbili au tatu yake, na zinagonga kila dakika kwa saa nne. Nyufa huanzia kwenye kona za vioo. Nimeiona pikapu moja iliyopasuka bati juu ya nguzo ya mlango kwa sababu ya mabomba tu, bila hema.

Kuna na suala la kuyumba. Uzito ulio juu unataka kuliangusha gari kwenye mteremko wa pembeni, na njia zetu nyingi ni miteremko ya pembeni.

Kwa hiyo paa halifai. Linabaki wazo la kutengeneza fremu kwenye bodi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeshinda kwa fundi wa kuchomelea tangu saa mbili asubuhi. Yeye alitaka fremu ndefu, hema likae juu kabisa ya usawa wa kebini. "Bosi, ukiliweka juu linaonekana vizuri." Nimemkatalia. Fremu yetu inainuka sentimita 35 tu juu ya kingo za bodi, sakafu ya hema iko mita 1.55 kutoka ardhini, na likikunjwa linazidi paa la kebini kwa vidole vitatu. Upepo unalipita bila kulipiga kifua.

Tumetumia bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Bomba hilo lina kilo 2.3 hivi kwa mita, na tumetumia mita 14. Sahani za miguu, bolti na nati zimeifikisha fremu kilo 36. Pamoja na hema na ngazi ni kilo 100 kamili. Kwenye bodi hiyo si shida. Gari linabeba zaidi ya hapo kila wiki. Hatukuchomelea kitu kwenye bodi. Fremu imefungwa kwa bolti nane zinazopita kwenye kingo, na chini ya kila bolti kuna kipande cha mpira wa tairi ili chuma kisile rangi na kuleta kutu.

Usumbufu nilioutambua leo ni mmoja. Zamani niliingiza chenibloku, ule mtambo wa mnyororo wa kuvutia mabomba, na sanduku la vifaa kupitia pembeni. Sasa pembeni pamezibwa, kila kitu kinaingilia nyuma. Mabomba ya mita 3 yanapita chini ya hema na kutokeza nyuma mita moja na nusu, yenye kitambaa chekundu mwishoni. Trafiki hawatapenda.

Alhamisi, 13 Juni

Nimerudi kutoka safari ya kwanza, usiku mbili magharibi ya Longido mjini.

Niseme ukweli wote: nimelala kama mtoto. Godoro lina sentimita 6, sakafu ni bapa, hakuna jiwe chini ya ubavu. Gari nililisawazisha kwa kuliweka gurudumu moja juu ya jiwe bapa. Mwezi ulikuwa mchanga na ulizama mapema, nikafungua dirisha la wavu na kuitazama njia ya maziwa mpaka usingizi ukanichukua. Fisi walipita usiku wa pili. Niliwasikia wakipumua karibu na magurudumu, na nilikuwa juu yao. Mtu aliyewahi kulala kwenye hema la chini huku fisi ananusa kamba anajua tofauti hiyo ina thamani gani.

Msaidizi wangu, ambaye kwa kawaida hulala kwenye boma la wenyeji, usiku wa kwanza alilala nami juu. Nafasi ilitosha.

Mabaya nayo yapo. Upepo wa saa tisa usiku ulipiga kofia ya hema mfululizo hadi alfajiri. Asubuhi chini ya godoro palikuwa na unyevu, kwa sababu pumzi ya watu wawili inapoa kwenye sakafu baridi. Inabidi godoro liinuliwe kila siku likaukie. Na miiba. Njia ya kwenda kisimani inapita katikati ya migunga. Kebini inasukuma tawi, tawi linarudi kwa nguvu na kulichapa hema. Kifuniko kimechanika sehemu mbili, moja ya urefu wa kiganja. Nitamwambia mwenye hema na nitalipa.

Kulifungua kunachukua dakika tano. Kulikunja dakika nane, kama msaidizi yupo, maana lazima mmoja abonyeze kitambaa ndani wakati mwingine anavuta zipu ya kifuniko.

Jumamosi, 15 Juni

Fundi wa maturubai ameshona michaniko, kiraka ndani na kiraka nje. 15,000.

Mke wangu amepanda kuangalia. Alikaa huko juu muda mrefu, watoto nao wakapanda, ikawa kelele. Kisha akashuka na kuniuliza swali moja: "Baba watoto, hili ni la kazi au ni la moyo?" Nikamwambia ni la mgongo. Akacheka, akasema kama ni la mgongo tununue.

Nimempigia mwenye hema. Tumefika 2,400,000, nusu sasa na nusu mwisho wa Agosti. Sijatoa hela bado kwa sababu wiki ijayo kuna safari nyingine na nataka kwanza nione likiwa na kazi nzito. Lakini leo, kama ningelazimishwa kujibu, ningejibu nifunge.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika haya nikiwa nyumbani, nimelala saa tatu tu mchana.

Kazi ilikuwa pampu ya kuzama, mita 90 chini. Mabomba 30 ya chuma ya inchi mbili, kila moja mita 3 na kilo 15, ni kilo 450. Vali ya chini ilikuwa bado inashika, kwa hiyo safu yote ilijaa maji, karibu kilo 200 nyingine. Tulivuta kwa chenibloku kutoka saa nne asubuhi hadi giza linaingia, tukabaki na mabomba tisa chini. Tukaifunga safu kwa klampu mdomoni mwa kisima, tukala ugali na maziwa tuliyoletewa, tukafungua hema. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Saa nane usiku nikasikia mtu anagonga ngazi kwa fimbo.

"Fundi. Fundi, amka. Gari linahitajika."

Alikuwa mzee wa boma la karibu, na nyuma yake vijana wawili na mkunga wa kijiji. Mke wa mtoto wa ndugu yake alikuwa na uchungu tangu jioni, na mkunga alikuwa amesema wasisubiri kuche. Kituo cha afya kiko kilomita 23 kwa njia ya mawe. Pikipiki ya kijiji ilikuwa imekwenda mnadani. Gari lilikuwa moja tu usiku ule, langu, na lilikuwa limebeba kitanda kilichofunguliwa na ngazi iliyokita ardhini.

Tukaanza kukunja. Mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu na mwanga ulitosha, sitaki kulisingizia giza. Shida ilikuwa mikono. Mikono iliyoshinda ikivuta mnyororo haibani vizuri. Blanketi lilibaki ndani, hema likakataa kulala bapa, tukalifungua tena kulitoa. Zipu ikauma kitambaa. Nikamwambia msaidizi tuiache zipu, tufunge mikanda tu. Mkanda mmoja ulikuwa umepita chini ya ngazi.

Wakati huo yule mama alikuwa ameshaletwa. Alikuwa amesimama, ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili, kichwa amekiegemeza kwenye kioo. Hakulia. Kila uchungu ulipomjia alikuwa anashusha pumzi ndefu, na mkunga anampapasa mgongo. Mzee alikaa juu ya jiwe na kutuangalia. Hakutuhimiza hata kwa neno moja.

Msaidizi aliangalia saa ya simu tulipowasha gari. Dakika 14 tangu mzee alipogonga.

Njiani nilikwenda kwa mwendo wa mguu pale penye mawe na kukimbia pale penye mchanga. Kifuniko ambacho hakikufungwa kilikuwa kinapiga nyuma yetu njia nzima. Saa moja na dakika kumi tukafika. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, wa kiume. Mama yuko salama. Nesi alituambia tumemleta wakati mzuri.

Jana Alhamisi tulimaliza mabomba tisa, tukabadilisha pampu, tukarudisha safu nzima kwa msaada wa vijana wa boma, maji yakatoka saa mbili usiku. Nikaendesha hadi Arusha usiku huohuo.

Jumamosi, 22 Juni

Nimefikiri tangu jana na sitafunga hema.

Najua hoja za upande wa pili, maana zilikuwa zangu. Dakika 14 hazikumdhuru yule mama. Ningefanya mazoezi zingekuwa nane. Kuna mahema ya ganda gumu la alumini ambayo hufungwa kwa dakika moja au mbili, unavuta paa chini na kubana lachi. Hilo ni kweli, ila ganda gumu ni zito zaidi, na bei yake ni mara kadhaa ya hili.

Lakini hesabu ninayoifanya si ya dakika tu. Mimi ni mgeni wa vile vijiji. Nakunywa maji yao, nalindwa usiku na vijana wao, na maziwa ninayoletewa siyalipii. Katika vijiji hivyo gari lililolala pale kwa usiku mmoja linakuwa gari la kijiji kwa usiku huo. Si mara ya kwanza kuitwa. Mwaka jana alikuwa kijana aliyeumwa na nyoka, na kabla yake mtoto wa homa. Nyakati zile nilikuwa nalala kwenye kiti cha nyuma au kwenye hema la chini ambalo unaliacha tu na kuondoka, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria jambo hili. Nilipokuwa napima kilo na sentimita, usiku wa kuitwa haukuwemo kwenye vipimo vyangu.

Mtalii anaweza kulala juu ya gari lake, na namtakia usingizi mwema. Anakwenda kambini, amelipia, kuna walinzi na magari mengine kumi. Kwangu kitanda kisilifunge gari. Hilo ndilo sharti la kwanza sasa, mgongo ni sharti la pili.

Nimelirudisha hema mchana. Mwenyewe alikagua viraka, akakataa fidia, akasema kazi ya mshonaji ni nzuri kuliko ya kiwandani.

Jumamosi, 29 Juni

Fremu sijaitupa. Wazo jipya: nilale ndani ya bodi, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, ili gari liwe tayari kuondoka hata kama godoro liko mahali pake.

Tatizo ni urefu. Mimi nina mita 1.72, bodi ina 1.52. Ila pembe kwa pembe bodi ina mita 2.14. Mwili una upana, kwa hiyo hupati zote, lakini kichwa na miguu ni vyembamba kuliko mabega na vinaingia kwenye kona. Nimelala kwenye sakafu ya sebule ndani ya mraba niliouchora kwa chaki. Naingia, magoti yakikunjwa kidogo.

Ili ulale hivyo lazima sakafu ipite juu ya matumbo ya magurudumu yanayotokeza ndani ya bodi. Tumechomelea miguu ya sentimita 25 na kuweka plaiwudi ya milimita 18 juu yake. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 imetosha, kipande kikubwa katikati na vipande viwili vilivyounganishwa pembeni. Chini yake vifaa vyote vinaingia vimelala, na chenibloku ina chumba chake. Fremu ya juu tumeiongeza sentimita 30. Sasa kutoka plaiwudi hadi juu ni sentimita 85, naweza kukaa nikiinama kidogo. Mabomba sasa yanalala juu ya fremu.

Fundi wa maturubai anashona ubavu: pamba nzito, madirisha mawili ya wavu wa mbu, na nyuma pazia la kufunga kwa vifungo vya mti. Zipu sitaki tena.

Jumamosi, 6 Julai

Nimelala uani. Baridi ya Julai ya Arusha ni kipimo kizuri. Godoro la sponji la sentimita 8 nimelikata kona mbili lifuate bodi. Mguu wa kulia unagusa bati na bati ni barafu. Nimeshona kipande cha blanketi pale. Umande ulidondoka kutoka kwenye turubai saa kumi alfajiri. Dirisha la pili likiachwa wazi haudondoki, nimejaribu.

Mke wangu alishika saa. Kutoka kulala hadi gari kuwasha na kutoka getini: sekunde 50, viatu vikiwemo.

Alhamisi, 11 Julai

Kijiji kilekile. Nimekuja kukagua kama klampu mpya zinashika na kama pampu inatoa maji ya kutosha. Inatoa. Mzee alizunguka gari mara mbili, akainua pazia, akabonyeza godoro kwa kiganja. Akauliza lile jumba limekwenda wapi. Nikamwambia nimelirudisha kwa mwenyewe. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niligeuze gari liangalie njia kabla sijalala.

Nimeligeuza. Ufunguo upo kwenye swichi. Mguu unagusa blanketi, si bati. Nimelala hadi saa kumi na mbili, hakuna aliyegonga.